Mkate wa Kupalia na Picha Iliyochelewa

Katika sanaa zote zilizostawi ndani ya nyumba za pwani ya Afrika Mashariki, kuanzia Lamu na Mombasa hata Bagamoyo, Unguja na Pemba, sijui iliyotumikiwa kwa bidii kubwa na kuandikiwa machache kuliko sanaa ya kuoka mkate nyumbani. Maana mwashi ameacha msikiti, mchonga milango ameacha nakshi zake, na mshairi ameacha utenzi wake katika hati za Kiarabu, lakini mwanamke aliyeoka mkate uliosifiwa mtaa mzima siku ya Idi hakuacha kitu cha kutazamwa na waliomfuata, kwa kuwa kazi yake ilikusudiwa iishe kabla jua halijachwa. Nataka kuieleza tarikhi ya sanaa hiyo, na sambamba nayo tarikhi ya sanaa nyingine ambayo leo imekuwa mwandani wake, yaani kupiga picha za chakula, kwani hizi mbili zilikaa katika mji mmoja kwa zaidi ya miaka mia moja bila ya kukutana, na sababu za kutokutana kwao zinatufundisha mengi juu ya nyumba zetu zilivyokuwa.

Pwani yetu ni nchi ya wali. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuendelea na safari yake ya Mombasa na Kilwa, aliandika habari za wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika chombo kikubwa cha mti, juu yake pamewekwa vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na kando yake ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Katika karamu ile aliyoisifu kwa urefu, mkate haumo. Wala si ajabu, kwa kuwa ngano haistawi katika joto na unyevunyevu wa pwani, na unga wake ulikuja kwa vyombo kutoka ng'ambo, ukawa kwa muda mrefu kitu cha kununuliwa na cha kuhesabiwa. Kwa hiyo watu wetu walioka kwa kile walichokuwa nacho: mtama ulitoa mkate wa mofa, uliookwa katika tanuri dogo la udongo, na mchele wenyewe, ule ule wa wali, ukatoa mkate wa kumimina, ambao kwa nadhari yangu ndio kilele cha uokaji wa Waswahili.

Inafaa tukae kidogo na mkate huu. Mchele hulowekwa usiku kucha, na asubuhi husagwa pamoja na tui zito la kasimile mpaka usibakie na chenga hata moja. Hutiwa sukari, iliki iliyotwangwa wakati ule ule ili harufu yake isipotee, ute wa yai uliopigwa, na hamira, ambayo zamani, kabla ya ile ya madukani kuenea, badala yake lilitumika tembo la mnazi. Uji huo hufunikwa kitambaa ukaachwa mahali penye uvuguvugu hata uumuke na kujaa mapovu usoni, kisha humiminwa katika sufuria iliyokwisha kupakwa samli na kupashwa moto, na mpishi mwenye sikio hujua kwa mlio wake wa kwanza kama moto ni wa kadiri au umepita kiasi. Hapo ndipo huanza kazi ambayo hakuna jiko la kisasa linaloijua, nayo ni kupalia: sufuria hufunikwa kwa mfuniko wa bati ulio bapa, na juu ya mfuniko huo hupangwa makaa ya moto, mengi kuliko yale yaliyo chini, kwa sababu moto wa chini hugusa mkate moja kwa moja kupitia chuma ilhali moto wa juu hauna budi kuvuka hewa kabla ya kuufikia.

Ustadi wote umo katika makaa hayo. Yaliyovaa jivu jeupe hutoa joto la utulivu, na mekundu yaliyotoka kuwashwa sasa hivi hutoa joto kali lisilodumu; vifuu vya nazi huwaka kwa ghadhabu vikaupa uso wa mkate rangi kwa dakika chache, lakini vikicheleweshwa kuondolewa, rangi hiyo hugeuka masizi. Mpishi huinua mfuniko kwa koleo, akiuinamisha upande mmoja ili jivu lisidondokee mkateni, hutazama kwa nukta moja tu maana joto linatoroka, na kwa nukta hiyo hana budi kuhukumu mambo matatu: kingo kama zimeanza kuachana na sufuria, uso kama umepata wekundu wa hudhurungi, na matundu ya katikati kama yamefunga au bado yanapumua. Hakuwa na saa wala kipimajoto. Alikuwa na jicho, na jicho hilo lilifunzwa na mama yake aliyefunzwa na mama yake, kwa kusimama karibu na kuambiwa, mwanangu, tazama, bado, tazama, sasa.

Ndugu za mkate huu ni wengi nami nitawapita upesi. Uko mkate wa mayai, ambao hauna kiumulio ila pumzi iliyoingizwa na mkono unaopiga mayai na sukari kwa mchapo mpaka yawe meupe na mazito, na unga ukafuatia kwa kuchekechwa taratibu. Uko mkate wa ufuta, fahari ya jioni za Unguja hasa mwezi wa Ramadhani, ambao kinyunga chake hutandazwa juu ya chuma cha moto kikanyunyiziwa ufuta, halafu chuma chenyewe kikapinduliwa kuyaelekea makaa, na mkate ukaning'inia pasipo kuanguka kwa kuwa umekwisha kushika. Yote hii ni mikate ya kutazamwa inapookwa, na kila mmoja huharibika kwa kufumba na kufumbua.

Kwa kuwa jicho ndilo lililoongoza jikoni, haikuwa ajabu kwamba liliongoza pia barazani. Watu wa pwani walipenda kuuonesha uzuri wa vyombo tangu zama za kale: sahani na makombe ya kaure kutoka Uchina yalipachikwa katika makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi, na katika nyumba za mawe za Lamu na Pate za karne ya 18 zilijengwa safu za zidaka zenye nakshi za chokaa, ambamo vyombo vya thamani viliwekwa ili mgeni aingiaye avione. Chakula nacho kilifuata kanuni hiyo. Mkate ulitolewa katika sufuria kwa kupinduliwa, ukakatwa vipande vya pembe zilizolingana, ukapangwa katika sahani nyeupe, sahani ikawekwa katika sinia, na sinia likafunikwa kawa la ukindu lililotiwa rangi. Na mtoto aliyetumwa kulipeleka kwa jirani kabla ya magharibi alionywa asilitikise. Jirani alipofunua kawa aliona kwanza, akanusa pili, akaonja mwisho, na hukumu yake aliianza kwa macho. Sahani haikurudishwa tupu, kwa hiyo mapambo ya nyumba moja yalijibiwa na mapambo ya nyumba nyingine, na mashindano haya ya heshima yasiyotajwa kwa kinywa ndiyo yaliyoinua kazi ya uokaji kutoka katika haja ya tumbo mpaka daraja ya sanaa.

Basi kamera ilipokuja, iliikuta pwani imekwisha kujua kupanga chakula kwa ajili ya macho. Nayo ilikuja mapema. Mfaransa Charles Guillain, aliyezunguka pwani hii baina ya mwaka 1846 na 1848 katika manowari Ducouëdic, alirudi kwao na sura za watu wetu zilizonaswa juu ya mabamba ya fedha kwa njia ya daguerreotype, na mwaka 1860 James Augustus Grant, mwenzake Speke katika safari ya kuitafuta asili ya mto Nile, alipiga picha mjini Unguja. Baada yao walikuja mafundi waliofanya makazi hapa, wengi wao watu wa Goa: A. C. Gomes, ndugu wa Coutinho, na wengine walioshindana nao katika biashara ya kadi za posta. Na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo picha zake za mji, za Sultani na za watu wa kawaida zimekuwa hazina ya Zanzibar.

Mtu akizipitia kazi za mafundi hao anaona bandari na majahazi, milango, karafuu zilizoanikwa juani, soko na wachuuzi wake, mabwana wenye majambia, na mabibi waliovaa kanga mpya wakisimama mbele ya pazia lililochorwa bustani. Chakula kikionekana, ni kile kilichotoka nje: matunda sokoni, madafu, samaki, mzigo kichwani. Mkate wa kumimina ukitoka sufuriani, au mkono unaopanga makaa juu ya mfuniko, nimetafuta nisiuone. Siwalaumu mafundi hao, kwa sababu mbele yao palikuwa na vizuizi viwili.

Cha kwanza kilikuwa ukuta. Kuoka kulikuwa kazi ya uani, na uani ni sehemu ya nyumba iliyo nyuma ya sehemu nyingine zote: mgeni mwanamume aliishia barazani, mwenye ujamaa wa mbali aliishia ukumbini, na aliyefika uani alikuwa ndugu au mwanamke. Fundi wa picha alikuwa mwanamume. Halua, ambayo wapishi wake ni wanaume na sufuria zake kubwa huchemka mbele ya watu, ingeweza kumfikia akitaka. Mkate wa nyumbani ulimfikia ukiwa umekwisha kukatwa, ndani ya sinia, na hapo ulikuwa zawadi ya kuliwa, si kitu cha kuwekwa mbele ya lenzi.

Cha pili kilikuwa kemia, na jambo hili nimeliona halisemwi ingawa lina uzito. Mabamba ya vioo ya zama zile yaliisikia nuru ya buluu na ya zambarau peke yake. Rangi ya manjano yaliipokea kwa shida, na nyekundu na hudhurungi hayakuipokea kabisa. Mwaka 1873 Hermann Vogel wa Ujerumani aligundua kwamba dawa ya picha ikichanganywa na rangi maalumu huweza kufundishwa kuisikia kijani na manjano, na mabamba yanayosikia rangi zote hayakuanza kuuzwa madukani mpaka mwaka 1906, yalipotolewa na Wratten & Wainwright wa Uingereza. Maana yake kwa muokaji ni hii: mkate ule ambao mama aliuangalia kwa nukta moja ili aukamate katika wekundu wake wa dhahabu, ungetoka katika picha ya Gomes mweusi kama ulioungua. Rangi yenyewe iliyokuwa ushahidi wa ustadi ndiyo ambayo kamera haikuweza kuiona. Kule Uingereza William Henry Fox Talbot, katika kitabu chake The Pencil of Nature kilichotolewa kwa mafungu baina ya 1844 na 1846, alikuwa amekwisha kuweka picha ya vikapu vya matunda, na nanasi likiwa miongoni mwake. Lakini alichagua matunda yenye maumbo na magamba, mambo ambayo nuru na kivuli huweza kuyaeleza pasipo rangi. Mkate hauna magamba ya kuusaidia. Uzuri wake ni rangi, mvuke, na matundu yake ya ndani.

Pale kamera iliposhindwa, kalamu ilisaidia kidogo. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye akajulikana Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alitoa kumbukumbu zake Berlin mwaka 1886, na humo akaeleza maisha ya majumba ya baba yake, Ramadhani na sikukuu zake, kwa mapenzi ya mtu aandikaye kuwaeleza wanawe nchi wasiyoijua. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye habari zake za desturi za Waswahili zilichapishwa mwaka 1903, aliziandika ada za uzazi, harusi na misiba kwa ukamilifu wa kustaajabisha, na karamu zimo. Lakini mwanamume huyu mwenye elimu, kama ilivyomlazimu, ameziandika karamu kutoka upande wa waliokaribishwa. Kanuni ya makaa, mengi juu na machache chini, ilibaki mikononi mwa wenyewe.

Karne ya 20 iliuingia uani kwa milango yake yenyewe. Shule ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Zanzibar mwaka 1927, na mafunzo ya nyumbani yakawa sehemu ya masomo, na pamoja nayo mizani, kikombe cha kupimia na keki ya Kizungu. Wasichana waliotoka huko hawakuiacha mikate ya mama zao, bali waliiweka sinia moja na keki, na kwa muda mkate wa mayai ukawa umesimama kati ya hizo mbili, mwenye asili ya uani na adabu za darasani. Kisha zikaja shida. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, mchele uliokuwa ukiletwa Unguja kutoka huko ulikatika. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970, visiwani mchele, unga wa ngano na sukari vikawa vitu vya mgao na foleni. Mkate unaotaka mchele mzuri, sukari na mayai hauwezi kuokwa katika miaka kama hiyo ila kwa kujinyima, na hapana shaka kuna mabinti waliokua bila ya kusimama kando ya sufuria hata mara moja. Baada ya hapo jiko la gesi na la umeme lenye tanuri likaenea, na kwa wengi kupalia kukawa jambo la kusimuliwa.

Hapo sasa ndipo kamera ilipoingia uani, wala haikuingizwa na fundi: ilikuja katika mfuko wa mwokaji mwenyewe, ndani ya simu ya mkononi. Wanawake wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, wanaooka nyumbani na kuuza kwa oda, walihitaji mnunuzi auone mkate asioweza kuunusa, nao wakajifunza peke yao yale ambayo mafundi wa studio waliyalinda kama siri ya ukoo. Walijua upesi kwamba taa ya dari huutia mkate rangi ya ugonjwa, wakauhamishia dirishani. Kwamba jua la adhuhuri huvikata vivuli kwa ukali, wakangoja saa tatu ya asubuhi au alasiri inapoelekea kwisha. Kwamba kivuli cha upande wa pili hulainishwa kwa karatasi nyeupe iliyosimamishwa kuirudisha nuru. Wengi walianza kwa kutandika kanga, kwa mapenzi ya asili, wakaona mapambo ya kanga yanashindana na chakula, wakarudi kwenye mkeka wa ukili au kitambaa cha rangi moja.

Nimemtazama mmoja wao akiupiga picha mkate wa kumimina, na nilijifunza kwake zaidi ya nilivyotarajia. Aliuacha kwanza upoe kabisa, kwa sababu ukikatwa na moto hunata kisuni na matundu yake huzibana. Hakuupiga kutoka juu, namna inayopendwa kwa keki zilizopambwa, maana kutoka juu mkate huu ni duara la hudhurungi na hausemi kitu. Aliukata pembe kali, akakisimamisha kipande ubavu ukikabili simu, akalifanya dirisha liwe nyuma kidogo na kando. Na nuru ile ya upande ikapenya katika vishimo vilivyopanda kutoka chini hata juu, kila kimoja kikapata ukingo wa mwanga na moyo wa giza, hata mtu asiyeuonja akajua ya kwamba ulaini wake si wa unga wa ngano. Kisha akaushika mkate kwa vidole akaubonyeza kidogo na kuuachia, akatazama kama umerudi. Simu haikuwa imewashwa kwa tendo hilo. Alilifanya kwa ajili yake mwenyewe, na macho aliyouangalia nayo yalikuwa yale yale ya aliyeinua mfuniko kwa koleo.

Naiona heshima kubwa katika jambo hili, ya kwamba picha ya kwanza ya kweli ya mkate wa uani imepigwa na aliyeuoka. Walakini iko dosari ambayo sitaki kuinyamazia. Picha huichagua keki ndefu yenye rangi na maua ya sukari, na mikate isiyo na pambo ila umbo lake hupata wanunuzi wachache, hata baadhi ya waokaji wameanza kuimwagia malai na kuipachika matunda isiyoyahitaji. Tena aghalabu tunaoneshwa kile kilichokamilika, juu ya kitambaa safi, kando ya kikombe cha chai; jivu, moshi, koleo na mfuniko uliopinda kwa joto vimeachwa nje ya fremu kwa kuonewa haya, na kwa hiyo kile ambacho zamani ukuta ulikificha kwa mgeni, sasa usafi wa picha unakificha kwa wote.

Lakini hata hilo limeanza kugeuka. Wapo waokaji wanaopiga video ya kazi nzima tangu mchele ulowekwe, na wenye majiko ya mkaa hawaoni tena aibu kuyaweka mbele. Na video ya namna hiyo ikifika kwa watu wazima wenye ujuzi, majibu yao huwa marefu. Mwenye asili ya Lamu atasema makaa yapangwe ukingoni yasirundikwe katikati, maana katikati huiva kwa mvuke wake wenyewe. Wa Pemba atauliza ute wa yai umetiwa kabla ya kuumuka au baada. Mwingine atakataa hamira ya siku hizi na kuueleza utaratibu wa tembo, kiasi gani kwa kibaba cha mchele na kwa saa ngapi. Mabishano hayo yalikuwepo siku zote baina ya majirani, ukuta kwa ukuta, nayo yakafa na waliobishana. Sasa yanaandikwa, kwa Kiswahili, na wenyewe, chini ya picha ya mfuniko wenye makaa.